Mpira Tulikuwa Nao Sisi, Bao Wakawa Nalo Wao

Mechi iliyonisukuma kuandika haya ilimalizika kwa kipigo cha bao 1-0 tukiwa nyumbani, na takwimu zilizojitokeza kwenye skrini baada ya kipyenga cha mwisho zilikuwa kama kejeli: tulimiliki mpira kwa asilimia 71, tulipiga pasi zaidi ya 700, tulipiga mashuti 19, na bado timu iliyokuwa nafasi ya tatu kutoka mkiani mwa ligi iliondoka na pointi zote. Bao lao lilitokana na mpira mmoja mrefu katika dakika ya 64. Beki wangu wa kati wa upande wa kulia alikuwa amepanda hadi nusu ya wapinzani, mwenzake akabaki ana kwa ana na mshambuliaji mwenye mbio, na kilichofuata kila mpenzi wa soka anaweza kukisimulia bila kukiona.

Mchezo wenyewe ni wa kompyuta, Football Manager 2024. Toleo la 2025 lilifutwa Februari 2025 kabla ya kuingia sokoni, nami nikabaki na la 2024 nililokwisha kulizoea. Kwa asiyeufahamu mchezo huu, hapa hubonyezi vitufe ili mchezaji apige shuti; wewe ni kocha. Unasajili, unapanga kikosi, unachora mbinu, unatoa maelekezo, kisha unakaa pembeni kutazama kompyuta ikiyatekeleza maelekezo yako kwa namna ambayo mara nyingi hukuitarajia. Ndiyo maana kipigo chake kinauma kuliko cha michezo mingine ya kompyuta: huna kidole cha kusingizia kwamba kiliteleza.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kulaumu bahati, kama afanyavyo kila kocha. Niliambia nafsi yangu kwamba mashuti 19 bila bao ni mkosi, na kwamba mechi ijayo mambo yangejirekebisha yenyewe. Kisha nikatazama kile kipimo cha mabao yanayotarajiwa, ambacho mchezo huu ulianza kukionyesha katika toleo la 2021. Mashuti yetu 19 kwa ujumla wake yalikuwa na thamani ya mabao 0.8. Ukigawanya, kila shuti lilikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 4 tu wa kuingia wavuni. Hapo hakuna mkosi wowote. Tulikuwa tukipiga kutoka mbali, au tukipiga mbele ya msitu wa miguu, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine ya kumaliza mashambulizi yetu.

Basi nikafanya jambo ambalo wachezaji wengi wa mchezo huu hulikwepa kwa sababu linachosha: niliitazama mechi nzima upya, dakika 90 kamili, wala si vile vipande vya matukio muhimu. Vipande vya matukio hukuonyesha jinsi mashambulizi yanavyoisha, lakini havikuonyeshi jinsi yanavyokufa kabla hata hayajazaliwa. Nikachukua daftari na kalamu.

Dakika ya 31 ndiyo iliyonifumbua macho. Beki wa kati wa kushoto alimpa namba sita, yaani kiungo anayesimama mbele ya mabeki, namba sita akamrudishia. Beki akampa mwenzake wa kulia, naye akampa beki wa pembeni, ambaye alitazama mbele, akaona winga wake amekabwa, akarudisha. Namba nane wa kulia, mmoja wa viungo wawili wanaocheza mbele ya namba sita, alishuka kuomba mpira miguuni, akaupata akiwa ameupa mgongo uwanja wote, akamrudishia namba sita. Mpira ukahamia kushoto, mambo yakawa yale yale kwa upande wa pili. Nilihesabu pasi 23 katika mkupuo huo mmoja. Nikasimamisha picha mwanzoni, nikaisimamisha tena mwishoni, nikalinganisha walivyosimama wapinzani: mistari yao miwili, wanne nyuma na watano mbele yao, ilikuwa karibu pale pale ilipokuwa. Walikuwa wamesogea hatua chache kulia, kisha hatua chache kushoto, kama watu wanaongoja zamu yao kwenye foleni. Mpira wetu ulikuwa umetembea sana, lakini haukuwa umemsumbua mtu yeyote.

Hilo ndilo kosa ninalotaka kulieleza, kwa kuwa nimegundua kwamba halikuwa la bahati mbaya. Nilikuwa nimelijenga kwa mikono yangu, agizo moja baada ya jingine.

Tangu toleo la 2019, mchezo huu humpa kocha mbinu zilizokwisha kupangwa, mojawapo ikiwa ile ya pasi fupi nyingi iitwayo tiki-taka. Jina hilo lilienezwa na mtangazaji wa Kihispania Andrés Montes wakati wa Kombe la Dunia la 2006, na inafahamika kwamba kocha Pep Guardiola, ambaye dunia nzima humhusisha nalo, halipendi hata kidogo, kwa sababu kwake yeye linamaanisha kupiga pasi kwa ajili ya kupiga pasi. Laiti ningelizingatia hilo. Mimi nilichukua mbinu hiyo na kuiongezea chumvi: pasi fupi kupita kiasi, kasi ya mchezo ya chini kabisa, agizo la kuupeleka mpira hadi ndani ya kumi na nane kabla ya kupiga, agizo la kujenga mashambulizi kutoka nyuma, na juu ya yote nikaishusha ile ngazi ya ujasiri wa timu hadi kwenye tahadhari, nikiamini kwamba timu yenye tahadhari haipotezi mpira ovyo.

Kila agizo kati ya hayo, ukilisoma peke yake, lina mantiki. Tatizo ni kwamba maagizo hayo hayasimami kando kando, yanazidishana. Wengi huiona ngazi ya ujasiri kama hali ya hisia tu, yaani timu iwe na hasira au iwe na utulivu, ilhali ukweli ni kwamba ndiyo msingi ambao mambo mengine yote hupimwa kutoka hapo: kasi ya mchezo, urefu wa pasi, upana wa timu, kimo cha safu ya ulinzi, na kiasi cha hatari ambacho kila mchezaji yuko tayari kukibeba anapochagua pasi. Kasi ya chini ndani ya timu yenye ujasiri wa kushambulia si kasi ile ile ya chini ndani ya timu yenye tahadhari. Kwa hiyo nilipoipunguza kasi hadi mwisho, nikafupisha pasi hadi mwisho, na kisha nikashusha ujasiri, nilikuwa nimeiambia timu jambo moja mara tatu kwa sauti inayozidi kupanda: usithubutu. Wachezaji wangu walinitii kikamilifu.

Timu inayojilinda kwa kurundikana nyuma, au kupaki basi kama tunavyosema, haishindwi kwa pasi nyingi. Inashindwa pale mpira unapofika mahali kabla ya beki kufika. Mpira huenda haraka kuliko mtu yeyote duniani, lakini faida hiyo hupotea iwapo kila anayeupokea anausimamisha, anautazama, kisha anaurudisha ulikotoka, kwa sababu muda huo unamtosha beki kutembea tu, bila hata kukimbia, hadi kwenye nafasi yake. Kasi ya chini kabisa dhidi ya basi lililopakiwa ni zawadi kwa dereva wa basi.

Historia ya soka halisi inao ushahidi wa pande zote mbili, na nchi yenyewe ni moja. Hispania ilitwaa Kombe la Dunia la 2010 kwa kufunga mabao 8 tu katika mechi 7, na mechi zake zote 4 za mtoano, dhidi ya Ureno, Paraguay, Ujerumani na Uholanzi, iliibuka na ushindi wa 1-0. Iliruhusu mabao 2 katika mashindano yote. Kwao mpira ulikuwa ngao: asiye nao hawezi kukufunga. Lakini Hispania hiyo hiyo, Julai 1, 2018, ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi mjini Moscow, ikatoka sare ya 1-1 baada ya muda wa nyongeza, bao lake pekee likiwa la kujifunga la Sergei Ignashevich, kisha ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Miaka minne baadaye nchini Qatar, Morocco iliifanyia jambo lile lile: 0-0, na kwenye penalti Hispania haikufunga hata moja. Nilipoitazama tena dakika ya 31 ya mechi yangu, nilijiona niko Moscow, si Johannesburg walikotwaa kombe mwaka 2010.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa mepesi. Nilipandisha ujasiri wa timu ngazi mbili, nikaacha pasi zibaki fupi lakini si fupi kupita kiasi, na nikairudisha kasi ya mchezo katikati. Kisha nikaliondoa agizo la kuupeleka mpira hadi ndani ya kumi na nane. Najua wapo watakaoniona nimekufuru, kwa kuwa agizo hilo linaonekana kama roho ya soka la kumiliki mpira. Lakini linachofanya hasa ni kupunguza krosi na mashuti ya mbali bila kuumba nafasi nyingine badala yake. Kama hakuna mtu anayekimbia ndani ya kumi na nane, kumkataza winga asipige krosi ni kumwamuru arudishe mpira nyuma. Mashuti yetu ya mbali hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa homa tu, na mimi nilikuwa nikiendelea kumeza vidonge vya homa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye majukumu ya wachezaji, na hapa ndipo nilipotumia siku mbili nzima.

Nilipoyaorodhesha majukumu ya wale sita wa mbele niliona aibu. Namba sita alikuwa mchezeshaji. Namba nane wote wawili walikuwa wachezeshaji. Mshambuliaji wa kati nilimpa jukumu la namba tisa bandia, anayeshuka katikati kuomba mpira. Mawinga wawili waliingia ndani, wote kwa wajibu wa kusaidia. Yaani nilikuwa na watu sita wanaoutaka mpira miguuni, na sikuwa na hata mmoja anayeutaka mbele yake. Isitoshe, katika mchezo huu anayepewa jukumu la mchezeshaji huwa kama sumaku: wenzake humtafuta yeye kwanza kabla ya kumtazama mwingine. Ukiwa na sumaku tatu zilizosimama karibu karibu, mpira utazunguka baina yao hadi kipyenga.

Namba tisa bandia alinipotosha kwa sababu ya kumbukumbu. Mei 2, 2009, Lionel Messi alicheza kwa namna hiyo Barcelona ilipoichapa Real Madrid mabao 6-2 kwenye uwanja wa Bernabéu, na sote tulikumbuka yule mtu aliyeshuka, tukasahau kwamba Thierry Henry na Samuel Eto'o walikuwa pembeni yake wakikimbilia nyuma ya mabeki. Mshambuliaji anaposhuka, beki wa kati anajiuliza amfuate au abaki. Swali hilo lina uzito pale tu panapokuwa na mtu wa kuitumia nafasi iliyoachwa wazi. Kama hayupo, beki anabaki alipo na kunywa maji.

Nikapanga upya kwa mfumo ule ule wa 4-3-3. Mchezeshaji nikambakiza mmoja tu, namba sita. Namba nane wa kushoto nikampa jukumu la kukimbilia ndani ya kumi na nane kupitia lile eneo lililo kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, kwa wajibu wa kushambulia. Namba nane wa kulia nikamfanya mtu wa kazi ngumu, wa kuziba na kusaidia. Winga wa kulia akawa mshambuliaji wa pembeni anayeingia ndani kwa mbio, naye pia kwa wajibu wa kushambulia. Winga wa kushoto nikamwambia abaki kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni, asiingie ndani hata kama mpira uko upande wa pili wa uwanja. Mbele kabisa nikaweka mshambuliaji anayewasukuma mabeki wa kati nyuma, si mwenye mbwembwe, bali mwenye mwili na ukaidi.

Kuna kanuni ambayo Guardiola amekuwa akiifundisha kwa kuchora mistari uwanjani: wachezaji wasizidi watatu kwenye mstari mmoja unaokatiza uwanja, wala wasizidi wawili kwenye mstari mmoja unaokwenda kutoka goli hadi goli. Niliichukua kanuni hiyo na kuipima kwa picha nilizosimamisha. Katika mbinu yangu ya zamani, kulikuwa na nyakati ambapo watu watano walikuwa wamesimama kwenye mstari mmoja mbele ya safu ya kiungo ya wapinzani, na hakuna hata mmoja nyuma yake. Baada ya mabadiliko, aliye na mpira karibu kila mara alikuwa na mmoja wa kumrudishia, mmoja wa kumpa pembeni, na mmoja aliyeko nyuma ya mstari wa wapinzani. Huyo wa tatu si lazima apewe mpira. Inatosha awepo.

Suala la mabeki wa pembeni lilihusiana moja kwa moja na lile bao la dakika ya 64. Zamani niliwapandisha wote wawili kwa wakati mmoja, nikidhani kwamba upana lazima utoke kwao, na hivyo kila tulipopoteza mpira tulibaki na mabeki wawili wa kati na namba sita aliyekuwa mbali. Sasa beki wa kulia nikampa jukumu la kuingia katikati na kusimama jirani na namba sita tunapokuwa na mpira, na beki wa kushoto nikamzuia asipande sana, kwa kuwa pembeni kule mbele tayari kuna winga wa chaki. Matokeo yake ni watu watano nyuma ya mpira wakati wote: watatu wa mwisho na wawili mbele yao. Hao watano wanaonekana wavivu kwa mtazamaji, lakini ndio wanaowapa wengine watano ruhusa ya kuthubutu. Mpira mrefu kama ule uliotuua sasa unakutana na mtu aliyekwisha kujipanga.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kumiliki mpira hutokea wakati huna mpira. Kabla ya hapo nilikuwa nimeagiza timu irudi nyuma na kujipanga kila inapopoteza, kwa hofu ya mashambulizi ya kushtukiza. Maana yake ni kwamba kila mpinzani aliyepora mpira alipewa nusu dakika ya kupumua, kupiga pasi zake kumi, na kuusogeza hadi katikati ya uwanja. Barcelona ya Guardiola, kati ya 2008 na 2012, ilijulikana kwa kumvamia aliyewapora mpira katika sekunde tano au sita za kwanza, akiwa bado hajainua kichwa. Nilipobadilisha agizo hilo ili timu ikabe papo hapo inapopoteza, na nikasogeza juu mstari wa kuanzia kukaba, jambo la ajabu lilitokea: pasi zetu kwa kila mechi zilipungua, lakini tukawa tunaupata mpira karibu zaidi na goli lao. Mpira unaouokota mita 25 kutoka goli la mpinzani, wakati mabeki wake wametawanyika kwa kuanza kushambulia, una thamani kuliko pasi 50 za kuvuka mstari wa katikati.

Gharama yake ni pumzi. Kufikia dakika ya 70 viungo wangu wawili walikuwa wamechoka kiasi cha kuchelewa kufika kwenye kila mpira, na timu inayokaba juu kwa kuchelewa nusu hatua ni hatari kuliko timu isiyokaba kabisa. Sasa hubadilisha namba nane mmoja kabla ya dakika ya 65, hata kama anacheza vizuri, na baada ya kuongoza kwa mabao mawili hushusha kasi ya mchezo hadi chini na kuamuru pasi fupi. Ndiyo, kasi ile ile niliyoilaani hapo juu. Ukiwa mbele, mpira unaotembea bila kumsumbua mtu ni mapumziko ya watu kumi na moja, na mpinzani ndiye anayelazimika kutoka kwenye basi lake kuufuata.

Kuhusu uwezo wa wachezaji sitarefusha. Wengi hutazama namba ya pasi pekee katika ile mizani ya 1 hadi 20. Mimi kwanza hutazama mguso wa kwanza, utulivu na uamuzi, kwa kuwa anayehitaji miguso mitatu kuutuliza mpira amekwisha kukupunguzia kasi bila kukuomba ruhusa. Kwa wale wanaokimbia mbele, hutazama mwendo wao wasipokuwa na mpira kabla ya kutazama hata umaliziaji. Nina namba nane mmoja mwenye pasi 16 ambaye nusura nimjengee timu, hadi nilipogundua kwamba ana tabia ya kupiga mashuti ya mbali, na tabia hizo hazisikilizi maagizo ya kocha. Nilimweka kwenye mazoezi ya kuiacha. Imechukua miezi, na bado mara moja moja humrudia, hasa tunapokuwa nyuma na mimi nimekwisha kusimama kutoka kwenye kiti.

Iko pia hali ambayo mbinu hii yote haifai, nayo ni pale mpinzani anapokuja juu kukaba mabeki wako wakiwa ndani ya eneo lao. Kung'ang'ania pasi fupi hapo ni ubishi. Nimeruhusu mabao manne msimu huu kwa namna hiyo, mawili kati yake golikipa akimpa mpira namba sita aliyekuwa na watu wawili mgongoni. Dhidi ya timu za aina hiyo huondoa agizo la kujenga kutoka nyuma na kumwambia golikipa atafute mshambuliaji moja kwa moja, kwa sababu anayekuja juu ameacha uwanja mtupu nyuma yake, na hakuna sababu ya kuomba kwa pasi 20 kile ulichokwisha kupewa bure.

Waliokwisha kuhamia toleo la 2026 watakuwa wamegundua kwamba sasa kocha huchora mfumo mmoja wa timu ikiwa na mpira na mwingine ikiwa haina. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya kweli zaidi ya kuonyesha jambo nililolihangaikia hapa, maana beki wangu anayeingia katikati sasa angeonekana wazi kwenye ubao, si kwa kusoma kati ya mistari ya majukumu. Lakini kosa la watu sita wanaoomba mpira miguuni linaweza kufanyika kwenye toleo lolote.

Tulikutana tena na timu ile ile, safari hii kwao. Walijipanga vile vile, wanne na watano, mshambuliaji wao mwenye mbio akingoja peke yake. Dakika ya 52, tukiwa 1-1, beki wa kati wa kushoto alimpa namba sita, na namba sita, badala ya kurudisha, akaupeleka kwa mguso mmoja kwa beki wa kulia aliyekuwa ameingia katikati. Kiungo wao mmoja alitoka kumkabili. Hatua mbili tu. Mpira ukapita pale alipotoka, ukamfikia mshambuliaji aliyekuwa na beki mgongoni, naye akaugonga kwa upande wa mguu kwenye njia ya namba nane wa kushoto, aliyekuwa ameanza kukimbia tangu pasi ya kwanza. Pasi tano, na wa tano alikuwa golikipa wao akiuokota mpira wavuni, kama unataka kumhesabu. Tulishinda 2-1 tukiwa na umiliki wa asilimia 58, mashuti 11, na mabao yanayotarajiwa 1.9.

Baada ya mechi, kocha msaidizi aliniletea ripoti yake. Alipendekeza nimweke benchi winga wa kushoto, yule wa chaki, aliyepewa alama 6.4, za chini kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa kuwa karibu hakuugusa mpira kipindi chote cha pili. Nilirudisha picha ya lile bao na kuisimamisha pale namba nane alipopokea pasi. Beki wao wa kulia alikuwa amesimama karibu na mstari wa pembeni, macho kwa winga wangu, mita 15 kutoka mahali alipohitajika. Pendekezo nimelikataa, Jumamosi winga huyo ataanza tena.